Nyota mbili, na hizo mbili nimezitoa kwa uchungu: huduma ya kutuma imeili iliyonifungia akaunti msimu wa mauzo

Nianze na yule kijana wa huduma kwa wateja aliyeniandikia, "Naelewa kabisa unavyojisikia." Huelewi, mwanangu. Hujawahi kukaa na maboksi kumi na nne ya sabuni yaliyokwisha fungwa kwa kwenda Posta, halafu mtu wa kumwambia kwamba zipo humpati.

Nina kiduka Mji Mkongwe, nauza sabuni za mwani na mafuta ya nazi. Sabuni natengenezewa na akina mama wa Paje. Wanaoingia dukani ni wapita njia. Wateja wangu hasa ni wale waliokwisha kurudi kwao Ujerumani na Italia, sabuni ikawaishia bafuni, wakanikumbuka. Hao namba za simu hawagawi ovyo, na mitandao ya kijamii leo inakuonyesha, kesho inakuficha. Imeili ndiyo kamba pekee ninayoishika mwenyewe. Ndiyo nikajiunga na huduma hii ya kutunza orodha na kutuma barua kwa mkupuo. Jina silitaji, sina nguvu ya kesi.

Kosa langu (lipo, nitalifikia) lilianzia kwenye daftari la wageni. Liko juu ya kaunta tangu nifungue duka. Mgeni akishanunua nampa kalamu: jina, nchi, neno la kusifu, na imeili akipenda. Mpwa wangu alikesha siku mbili akizihamishia kwenye kompyuta, anwani 1,140. Sasa, Mjerumani akiandika tarakimu ya moja, huanza na mkia mrefu wa kupanda, ukiitazama unaapa ni saba. Saba yake yeye huikata kiunoni kwa kistari. Mpwa hakuyajua hayo, wala mimi sikuyajua. Moja zote za Wajerumani zikawa saba. Wengine ndio kabisa, maandishi kama kuku aliyekanyaga wino.

Nikaandika barua yangu, nikaweka picha ya akina mama wamesimama na mwani maji ya magotini, nikabonyeza tuma baada ya Laasiri, nikatoka kwenda kunywa urojo. Kurudi, nakuta utepe mwekundu: akaunti imesimamishwa. Barua 163 zimerudi, na watu tisa wamebonyeza kitufe cha kulalamika kwamba barua ni taka. Tisa!

Baadaye nikafahamishwa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza kamba: malalamiko yasifike 0.3%, yaani watu watatu katika kila elfu. Wamelengwa hasa wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku, lakini sisi wadogo tunapanda daladala moja na wakubwa. Mitambo inayobeba barua yangu ndiyo inayobeba za maelfu ya wengine, mmoja akinuka tunanuka sote, kwa hiyo konda akihisi harufu anakushusha. (Mpwa wangu alikwisha niwekea vile vitambulisho vya mtuma barua, SPF, DKIM na DMARC, majina yanasikika kama dawa za minyoo, lakini hayo yanathibitisha tu kuwa barua ni yako. Hayathibitishi kama unatakiwa.)

Kushushwa sikatai. Nakataa namna ya kushushwa.

Niliwaandikia huduma kwa wateja saa tatu usiku. Akajibu mtu, au mashine, mpaka leo sijui. Swali la kwanza: "Anwani hizi umezinunua wapi?" Hakuuliza nimezipata wapi. Nimezinunua! Miaka yote hiyo nampa mgeni kalamu kwa mikono miwili, leo naitwa mchuuzi wa majina ya watu. Nikapiga picha kurasa nne za daftari, anwani nimezifunika kwa leso, mioyo waliyochora inaonekana, na ukurasa mmoja mtu kabandika ua la mlangilangi lililokauka. Nikamtumia. Jibu likaja kama risiti: daftari la wageni si ridhaa. Halafu: "Kuna jingine la kukusaidia leo?" Jingine! La kwanza umelisaidia saa ngapi?

Siku tatu, au nne, maana katikati iliingia mapumziko yao ya mwisho wa wiki. Maboksi yapo, watu wanayaruka wakipita. Orodha yenyewe naiona kwenye skrini kama visheti kwenye kabati la kioo, kuipakua hairuhusiwi. Nakala sikuwa nayo. Sasa hivi kila mwezi naiweka kwenye flashi na ufunguo wa duka.

Ila kuna jambo nachukia kuliandika. Katika wale tisa, mmoja, mama wa Bologna, alinijibu kwa upole: nilikuandikia kukusifu, sikujua kwamba nakupa ruhusa ya kuniandikia kila msimu. Likanichoma. Na ndivyo ilivyo sheria ya Ulaya ya data binafsi iliyoanza kutumika 2018, ridhaa iwe wazi. Yaani yule kijana alikuwa na haki! Mdomo wake ndio haukuwa na adabu.

Waliponifungulia, nikawaandikia wote waliobaki barua moja tu: ukitaka kuendelea kunisikia bonyeza hapa. Walithibitisha 212. Nikaona nimefilisika. Kumbe hao 212 wakanunua kuliko wote 1,140 walivyowahi kununua, maboksi yakaisha ndani ya wiki, nikawapigia Paje niongezewe. Siku hiyo nilikuja hapa kuwapa nyota nne, wallahi. Hata lile la kutakiwa kuweka anwani ya posta chini ya kila barua, kwa ajili ya sheria ya Marekani, kwa sisi ambao kichochoro chetu hakina namba, S.L.P. ilipita bila swali.

Nyota nne zilikaa mpaka bili ilipokuja, juzi juzi. Wamenihesabia wasiowahi kuthibitisha, na waliojitoa wenyewe. Mtu aliyejitoa hata salamu siruhusiwi kumtumia, lakini pango lake nalipa mimi, kwa dola, kwenye kadi ninayoijaza kwa simu. Usipotaka kulipa, uwahamishe kwa mkono. Hayo hayakuandikwa mahali mtu wa kawaida anaposoma.

Nikauliza. Likaja jibu lile lile, "Naelewa kabisa unavyojisikia."

Basi mbili. Kuhama tutahama, nadhani, labda baada ya msimu. Mpwa wangu yupo hapa nyuma ya kaunta anawatoa mmoja mmoja, amefika herufi ya K.