Kundi la barua pepe na programu ya jarida: kiunganishi gani ununue, kuanzia bora hadi cha kukwepa

Vyama vingi vya kitaaluma, asasi na jumuiya za wahitimu zenye ofisi Dodoma zina mfumo wa namna moja. Majadiliano yako kwenye kundi la Google Groups, ilhali jarida, mwaliko wa mkutano mkuu na kikumbusho cha ada vinatoka Brevo au Mailchimp, programu za kutuma barua pepe kwa watu wengi. Katikati yupo katibu anayenakili anwani kwa mkono. Akisafiri wiki mbili, wanachama wapya wanakosa mwaliko. Baya zaidi, mtu aliyejitoa mwezi uliopita anarudishwa kimyakimya na faili la zamani.

Kiunganishi ni chombo kinachohamisha orodha ya kundi kwenda programu ya jarida badala ya katibu. Ndiyo maana viunganishi hivi tumevipima kwanza kwa swali moja: kinabebaje kujitoa? Kuongeza jina jipya vyote vinaweza. Kundi liwe na neno la mwisho kuhusu nani ni mwanachama. Programu ya kutuma iwe na neno la mwisho kuhusu nani hataki barua. Kiunganishi kinachovunja kanuni hiyo hakifai hata kikitolewa bure.

Hili si suala la adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake kutumika kwa matangazo. Nayo Gmail, tangu Februari 2024, inamtaka mtumaji abaki chini ya asilimia 0.3 ya malalamiko ya barua taka. Kwa barua 400 zinazofika Gmail, watu wawili tu wakibonyeza kitufe cha barua taka umeshavuka kiwango.

Kabla ya kutoa hela

Pata majibu ya mambo matatu: wanachama wako ni wangapi, wangapi wanaingia na kutoka kwa mwezi, na anwani ya kundi inaishiaje. Kundi lililo kwenye domeini ya chama, chini ya Google Workspace (huduma ya Google kwa taasisi), linasomeka kwa skripti, yaani programu ndogo, kupitia huduma ya Google iitwayo Admin Directory, mradi msimamizi atoe ruhusa. Kundi linaloishia na googlegroups.com halimo kwenye huduma hiyo. Kwa hilo, njia ya uhakika ni mwenye kundi kupakua faili la CSV (jedwali la maandishi tu) kutoka ukurasa wa wanachama. Ukilipia kiunganishi kabla ya kujua uko upande upi, unaweza kuwa umenunua kitu kisichokuhusu.

Nafasi ya kwanza: Google Sheets na Apps Script

Kwa chama chenye Workspace na wanachama kati ya 150 na elfu chache, hiki ndicho tunachokipendekeza bila kusita. Apps Script ni sehemu ya Google ya kuandikia skripti. Programu hailipiwi, unachonunua ni kazi ya fundi. Mafundi Dodoma wapo, maana Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima ya TEHAMA. Sharti la kuandika kwenye makubaliano: skripti ikae kwenye akaunti ya chama, isikae kwenye akaunti binafsi ya fundi.

Skripti inaamka mara moja usiku. Inasoma wanachama wa kundi, inalinganisha na laha ya jana, kisha inatuma tofauti tu. Kutuma tofauti ni lazima, kwa sababu Apps Script inakata kazi ikifika dakika 6. Ukituma watu 1,000 mmojammoja kila usiku unaweza kukatiwa njiani na sehemu ya orodha ikabaki ya zamani.

Hapa ndipo fundi apimwe. Admin Directory inarudisha wanachama wasiozidi 200 kwa ukurasa, pamoja na alama ya kuomba ukurasa unaofuata. Skripti isiyofuata alama hiyo, kwenye chama cha watu 430, itaona 200 na, ikilinganisha na orodha kamili, kuamini kwamba 230 wameondoka. Itawafuta hao 230 kwenye orodha ya jarida usiku mmoja, na hakuna kosa lolote litakaloandikwa. Dai breki: idadi ikishuka kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko jana, au ikirudi sifuri, skripti isimame na imwandikie katibu.

Dai pia isome mpangilio wa upokeaji wa kila mwanachama. Aliyechagua kutopokea barua za kundi yumo kwenye orodha, lakini hajakuomba jarida. Na kama kundi moja limewekwa ndani ya kundi lingine, kwa mfano kamati ndani ya kundi kuu, utakachokiona ni anwani ya kamati bila majina ya watu wake, usipowasha chaguo la kuleta wanachama wa ndani.

Upande wa kupeleka, Mailchimp ina kigezo kiitwacho status_if_new. Kikitumika peke yake, bila status, hali ya usajili inapangwa kwa mgeni tu, na aliyejitoa anabaki amejitoa. Kwa Brevo, skripti itumie updateEnabled (kusasisha aliyekwisha kuwemo) na isiguse kabisa emailBlacklisted (alama ya aliyekataa barua). Ukiituma ikiwa false, unamfungulia mtu aliyekwisha kukataa. Ufunguo wa API, yaani nywila ambayo skripti huitumia kuingia Brevo au Mailchimp, uwekwe kwenye Script Properties (hifadhi ya siri ya skripti), usiandikwe kwenye laha ambayo kamati nzima inaifungua. Saa za mradi ziwe Africa/Dar_es_Salaam.

Nafasi ya pili: Make

Make ni huduma ya mtandaoni ya kuunganisha programu bila kuandika skripti. Inafaa chama kisicho na fundi lakini chenye mtu makini anayeweza kuburuta vipande kwenye skrini. Daraja la bure ni krediti 1,000 kwa mwezi, na kwa kawaida operesheni moja (kipande kimoja kufanya kazi mara moja) hula krediti moja. Watu huzimaliza kwa kupitisha orodha yote kila siku: wanachama 400 kwa siku 30 ni operesheni 12,000, na daraja la kwanza la kulipia, lenye 10,000, halitoshi. Pitisha mabadiliko tu. Ishirini kwa mwezi, kila moja ikigusa vipande vitatu, ni 60, ukiongeza 30 za kuamka kila siku. Hapo hulipi kitu.

Nafasi ya tatu: Zapier

Ni huduma ya aina ya Make. Ni rahisi kuliko zote kuanza nayo, na ndiyo inayochosha mapema. Bure unapata kazi 100 kwa mwezi na hatua mbili tu kwa kila mnyororo (Zapier huuita Zap). Shida yake kubwa kwa matumizi haya ni kwamba ukiitegesha kwenye laha, inaona mstari ulioongezwa na haioni uliofutwa. Suluhisho ni kutofuta mstari: weka safu ya hali, andika "ametoka", na uweke mnyororo wa pili unaosikiliza mabadiliko ya safu hiyo. Kisha wakataze wote kupanga laha kwa alfabeti, maana mistari ikihama Zapier inaweza kuona wageni wasiokuwepo.

Make na Zapier zote hulipiwa kwa dola, na huenda kodi ikaongezwa juu yake. Kadi ya benki lazima iwe imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, na salio liwepo siku ya makato. Makato yakikwama, mtiririko unasimama na jarida linaendelea kutoka kwa orodha iliyolala.

Nafasi ya nne: seva yako, Mailman au n8n

Kama kundi lenu tayari liko kwenye Mailman (programu ya kuendesha makundi ya barua pepe), njia hii inapanda hadi ya kwanza, kwa sababu amri ya syncmembers inalinganisha orodha ya kundi na faili la majina; kupeleka majina Brevo au Mailchimp bado ni kazi ya n8n (kiunganishi kama Make, ila kinakaa kwenye seva yako). Ijaribu kwanza kwa -n, ambayo inaonyesha mabadiliko bila kuyatekeleza. Kwa wengine ni mzigo. Usiiweke kwenye kompyuta ya ofisi ambayo umeme ukikatika inazima; lipia seva ya kukodi. Seva nyingi huhesabu saa kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), kwa hiyo kazi ya saa 8 usiku huandikwa 23.

CSV kwa mkono

Kwa watu chini ya 150 na mabadiliko matano kwa mwezi, usinunue chochote. Pakua faili tarehe moja kila mwezi, lihifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi), la sivyo majina yenye ng' yanaweza kuharibika kwenye salamu. Liingize Google Sheets kwa kuzima chaguo la kubadilisha maandishi kuwa namba; usipolizima, au Excel ikilifungua moja kwa moja, sifuri ya mwanzo ya namba za simu hupotea. Na kabla ya kulipakia, toa anwani za waliojitoa.

Kupima siku ya kwanza

Tumia anwani tatu za majaribio. Ya kwanza iongeze kwenye kundi. Ya pili itoe kwenye kundi. Ya tatu ibaki kundini lakini ijitoe kwa kubonyeza kiungo kilicho chini ya jarida. Endesha mtiririko mara mbili. Ya tatu ikirudi kuwa hai, usilipe mpaka fundi arekebishe.

Angalia pia kiwango cha kutuma. Brevo ya bure inaruhusu barua 300 kwa siku, hivyo watu 430 wanahitaji siku mbili, na notisi ya mkutano mkuu ihesabiwe kuanzia siku ya pili. Mailchimp inahesabu anwani, na waliojitoa wanaendelea kuhesabiwa hadi uwahamishie kwenye kumbukumbu zake (Archive).

AMCOS (chama cha ushirika) ya wakulima wa zabibu ambao wengi wao husoma SMS tu isiguse bidhaa yoyote kati ya hizi. Hela hiyo inunue SMS za jumla.