Filta ya bendi mbili ya nanometa 3: ipimwe kwa oksijeni

Filta hii, kioo cha kuchuja mwanga ninapopiga picha za anga la usiku, nimekuwa nayo miezi 14 sasa, na haitoki kwenye kamera yangu ila ninapopiga galaksi au ninapozitaka nyota kwa rangi zake halisi. Ni ya inchi 2, yenye madirisha mawili tu: moja la mwanga mwekundu wa haidrojeni, nanometa 656.3 (nanometa ndicho kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), na jingine la mwanga wa oksijeni, nanometa 500.7, ulio katikati ya kijani na samawati. Kila dirisha lina upana wa nanometa 3. Mwanga mwingine wote unaishia mlangoni. Naifunga nyuma ya darubini ya lenzi ya milimita 80, f/6 (urefu wa fokasi ni mara sita ya kipenyo cha lenzi), mbele ya kamera ya rangi yenye kipoozeo, nikipigia juu ya paa, karibu na taa ya geti la jirani ambayo huwaka mpaka asubuhi.

Taa hiyo ndiyo iliyonifanya niitafute. Filta yangu ya zamani ilikuwa na upana wa nanometa 7, na kila fremu ilirudi na ukungu wa kijivu ambao nebula hafifu, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, zilizama ndani yake. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gesi ya nebula inang'aa kwenye mistari myembamba sana ya rangi, ilhali taa na mbalamwezi humwaga mwanga mpana. Ukilibana dirisha kutoka 7 hadi 3, mwanga wa gesi unabaki karibu ule ule, lakini ukungu unapungua hadi chini ya nusu. Filta haikuongezei hata chembe ya mwanga. Inakuondolea usiouhitaji, basi.

Usiku wa kwanza niliielekeza Shela, yale masalia ya nyota iliyolipuka ambayo William Herschel aliyaona mwaka 1784. Fremu moja ya sekunde 300, bado mbichi, haijasafishwa wala kuunganishwa na nyingine, ilionyesha nyuzi za buluu za oksijeni zikisokotana na nyekundu za haidrojeni. Kwa filta ya zamani nyuzi hizo za buluu nilizipata baada ya saa tatu za kuunganisha. Niliiangalia ile picha muda mrefu kabla ya kukumbuka kwamba fremu ya pili ilikuwa imeshakwisha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaosifia filta hizi kwa picha za haidrojeni. Haidrojeni ni mtihani mwepesi. Nebula nyingi zimejaa mwanga wake, na hata filta ya kawaida itakupatia wekundu wa kutosha. Ubora unaonekana kwenye oksijeni. Mbalamwezi inaposambaa angani huelemea zaidi upande wa buluu, kwa hiyo dirisha la oksijeni ndilo linalopata shida kuliko la haidrojeni. Mstari huu wa oksijeni pia una historia inayonigusa kila ninapouona kwenye skrini. Mwaka 1864 William Huggins alichunguza mwanga wa nebula ya Jicho la Paka, akakuta mistari ya kijani isiyolingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Wanasayansi wakaipa elementi ya kubuni, nebuliamu. Ilisubiriwa hadi mwaka 1927 ndipo Ira Bowen alipoonyesha kuwa ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, ikiwa kwenye gesi nyembamba kuliko ilivyowezekana katika maabara za wakati huo. Ndiyo hiyo inayopita kwenye kioo hiki.

Sasa upande wa malalamiko. Filta ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na kasoro. Nilipopiga nebula ya Kichwa cha Farasi, ile nyota angavu ya Alnitak kwenye mkanda wa kundinyota la Jabari ilizungukwa na duara kubwa la mwanga, na lilikuwa kwenye oksijeni pekee. Haidrojeni ilikuwa safi kabisa. Niliigeuza filta, nikabadilisha nafasi kati yake na sensa (kipokea mwanga cha kamera), duara likapungua ukubwa lakini halikuondoka. Muuzaji aliniambia hayo ni ya kawaida. Si ya kawaida. Nilimpelekea fremu za madirisha yote mawili zikiwa zimetenganishwa, na baada ya wiki tano akanibadilishia. Hii ya pili haina duara kabisa. Kwa hiyo ukiipata yako, usianze na nebula unayoipenda. Anza na nyota angavu ya buluu, tenganisha rangi, kisha ikague oksijeni peke yake.

Kuna mambo mengine ya kuzoea. Nyota zinafifia sana, na kulenga, yaani kuweka fokasi, kunataka subira. Nalenga kwa fremu za sekunde 8 nikitumia barakoa ya Bahtinov, kifuniko chenye mianya kinachoonyesha fokasi ikikaa sawa, na narudia joto linaposhuka. Rangi za nyota zinaharibika, kwa hiyo napiga dakika 40 bila filta na kuzipandikiza baadaye. Ukumbuke pia kwamba kioo chenyewe kinasogeza fokasi nyuma kwa takriban theluthi ya unene wake. Wenye darubini za f/2, zenye fokasi fupi kwa upana wake, wawe waangalifu zaidi: miale inayoingia kwa pembe kali huhamisha dirisha kuelekea buluu, na dirisha la nanometa 3 halina nafasi ya kuvumilia hilo. Kwenye f/6 yangu sijaona tatizo.

Na si ya kila kitu. Niliijaribu kwenye Kilimia nikapoteza usiku mzima, maana buluu ile ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, mwanga mpana usio na mstari wa gesi. Ilitoweka yote.

Kilichonifanya niandike haya ni Ngisi, Ou4, nebula ambayo Mfaransa Nicolas Outters, mpigapicha asiye mwanasayansi wa kuajiriwa, aliigundua mwaka 2011 ikiwa ndani ya wingu jekundu la Sh2-129. Ni kubwa angani kuliko mwezi mpevu, na hakuna aliyekuwa ameiona, kwa kuwa karibu mwanga wake wote ni wa oksijeni na ni hafifu mno. Wingu jekundu nililipata kwa saa nne. Ngisi hakuonekana. Kwa saa kumi nilikuwa naona kitu, kisha nafuta macho na sioni kitu. Kwa saa 26, nilipoutenga mkondo wa oksijeni na kuunyoosha taratibu, yaani kuangaza sehemu zake hafifu, mwili wake ulijitokeza, mrefu, mikono ikielekea upande mmoja. Nilimwamsha mke wangu aje aone.

Bado ana kelele nyingi, ile mikwaruzo ya chembechembe kwenye picha. Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo nikitaka picha safi mara mbili nahitaji saa 104, na usiku wenye mwezi mkubwa siuhesabu. Jana nilipata fremu 41. Sita nimezitupa kwa sababu ya wingu jembamba lililopita baada ya saa nane. Zilizobaki nimeshaziunganisha na za zamani, na ncha ya mkono mmoja imeanza kuonekana.