Euryops au alizeti mwitu kwa ua wa nyumba ya Tanga?
Mkazi wa Tanga anayetaka kichaka kisichopukutika majani, chenye maua ya manjano mfano wa alizeti ndogo, anaweza kuchagua Euryops pectinatus, chenye asili ya Afrika Kusini, au alizeti mwitu iliyotoka Meksiko. Cha kwanza hufikia mita 1 hadi 1.5 na huvumilia upepo wa bahari, lakini hudai jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji, na kwa kuwa joto lenye unyevunyevu hukidhoofisha, nakiona kinafaa zaidi Lushoto, kwenye baridi ya Usambara. Alizeti mwitu huchipua kwa kipande cha shina tu, hupita mita 2, na majani yake ni mbolea nzuri ya shambani. Ila isipopunguzwa (majirani watakukumbusha) huvamia hadi njiani.