Kukata tiketi ya SGR kutoka Dodoma: njia nne, kuanzia iliyo bora

Viti vya SGR, treni ya reli ya kisasa, kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam huisha kwa msimu unaojulikana. Ijumaa jioni watumishi wanarudi kwa familia zao, Jumapili wanarejea kazini. Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, huleta wabunge, wasaidizi wao na watu wa wizara na taasisi wanaoitwa kwenye kamati. Vyuo vikifunga au kufungua, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) peke yao wanatosha kujaza mabehewa. Kuna pia maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni mwanzoni mwa Agosti, na Desemba kuanzia katikati ya mwezi. Anayesafiri Jumanne moja ya Februari anaweza kukata tiketi kwa njia yoyote kati ya tatu za kwanza hapa chini na asipate tabu. Siku nyingine, njia unayotumia ndiyo inayoamua kama utapanda.

Tumezipanga kwa kuangalia mambo matatu: uhakika wa kiti, pesa inayopotea bure, na kama kosa likitokea unaweza kulirekebisha.

1. Tovuti ya TRC, ulipe mwenyewe kwa simu

Hii ndiyo ya kwanza, na iliyobaki inaifuata kwa mbali. Tovuti ya Shirika la Reli Tanzania ya kukatia tiketi ni sgrticket.trc.co.tz. Iandike mwenyewe kwenye kivinjari badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kabla ya kuifungua, weka mezani kitambulisho cha kila atakayesafiri: cha taifa (NIDA), leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura au pasipoti. Andika jina jinsi lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Mtu anayeitwa Mwajuma mtaani na Mwajabu kwenye NIDA akatiwe tiketi ya Mwajabu, kwa sababu tiketi hulinganishwa na kitambulisho, na mlangoni hakuna muda wa kueleza historia ya jina.

Chagua kituo cha kuondokea, kituo cha kushukia na tarehe. Hapa watu wengi hushuka kituo cha mwisho kwa mazoea. Kama unaenda Gongo la Mboto, Chanika au Pugu kwenyewe, angalia kama treni yako inasimama Pugu. Ikisimama, utaepuka kuingia hadi katikati ya jiji na kurudi nyuma kwa daladala kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere.

Halafu saa. Kosa hili linagharimu nauli nzima. Mfumo unaandika saa kwa mtindo wa tarakimu 24, sisi tunahesabu kuanzia kucha na kuanzia kuchwa. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, haina uhusiano na saa sita mchana. 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Ukiona 18:55, ni saa moja kasoro dakika tano usiku. Kanuni fupi: saa iliyoandikwa ikiwa 7 hadi 18, toa 6; ikiwa 19 au zaidi, toa 18; ikiwa 6 au chini yake, ongeza 6. Ukimkatia mzazi tiketi, mwandikie saa ya Kiswahili kwenye ujumbe, usimtumie picha ya tiketi tu.

Watoto: walio chini ya miaka 4 hawalipi, wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli. Mweke mtoto kwenye nafasi ya mtoto tangu mwanzo. Ukimwandika kama mtu mzima, umelipa mara mbili ya inayotakiwa.

Ukimaliza kujaza, mfumo utakupa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba. Ina tarakimu 12 na kwa kawaida huanza na 99. Lipa papo hapo. Namba hiyo ina muda wake, na ukipita, kiti kinarudi sokoni hata kama ulishachagua behewa. Kwa hiyo hakikisha salio liko kwenye simu kabla ya kuanza kujaza, likiwa na ziada kidogo juu ya nauli kwa ajili ya makato. Anayeanza kutafuta wakala wa kuweka pesa baada ya kupewa namba ya malipo mara nyingi anarudi na kukuta kiti kimeshachukuliwa.

Menyu ni *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa Mixx by Yas na *150*88# kwa HaloPesa. Ndani yake tafuta malipo ya Serikali, weka namba, kisha soma kinachoonekana kabla ya kuweka namba ya siri. Kiasi kilingane na nauli uliyoonyeshwa kwenye tovuti.

Ikitokea pesa imekatwa na tiketi haijaja, tulia. Hifadhi ujumbe wa muamala, subiri kidogo, kisha fungua upya tovuti uangalie tiketi yako. Kukata nyingine kwa haraka ndiyo njia ya kujikuta na tiketi mbili za safari moja. Ikiendelea kukwama, nenda stesheni na ujumbe huo, namba ya malipo na kitambulisho. Vitu hivyo vitatu vinatosha kumwonyesha mhudumu tatizo lilipo.

Tiketi ikishapatikana, ipakue ikae ndani ya simu, maana bando huisha na mtandao hukatika. Alama ya QR husomwa na mashine, hivyo ongeza mwanga wa kioo kabla ya kuifikisha mlangoni. Simu yenye kioo kilichopasuka au betri inayozimika ghafla haifai. Chapisha nakala stationeri.

2. Dirisha la stesheni

Inafaa kwa mwenye kitochi, kwa mzee asiyependa mambo ya tovuti, na kwa safari ya watu wengi ambapo unataka mhudumu akuangalizie viti vya karibu. Faida yake kubwa ni kwamba kosa la jina au tarehe linaonekana palepale, kabla hujalipa. Soma tiketi ukiwa bado mbele ya dirisha.

Hasara ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na foleni. Mwambie dereva wazi kwamba unaenda SGR. Ukisema "stesheni" tu, wapo watakaokupeleka kwenye stesheni ya zamani ya reli ya kati, ile iliyoikuta Dodoma ikiwa kijiji. Uwe na salio kwenye simu hata huku.

Kwa siku za msimu tulizotaja, usije dirishani siku ya safari ukitegemea bahati.

3. Kukatiwa na ndugu au mtu wa stationeri

Ni njia halali na inasaidia wengi Kongwa, Mpwapwa na Chamwino, ambako kufika stesheni ni safari nyingine. Mpe picha ya kitambulisho, usimsomee jina kwa simu. Akishapata namba ya malipo akutumie, na ulipe wewe kutoka kwenye simu yako, ili ujumbe wa muamala ubaki kwako. Ada ya kazi yake mlipe kando. Anayetaka umtumie nauli yote kwenye namba yake ili "akamalizie", mwambie hapana kwa heshima.

4. Mtu anayeuza tiketi mkononi

Usinunue. Tiketi ina jina la mtu mwingine na kitambulisho chako hakitalingana nayo. Picha ya QR inaweza kutumwa kwa watu 10, na kiti ni kimoja.

Ununue tiketi ya treni gani

Kwa familia na kwa wengi wetu, treni ya kawaida ndiyo chaguo la kwanza. Nauli iliyotangazwa huduma ilipoanza ni Sh31,000 hadi Dar, na safari ni takribani saa 4. Basi kutoka kituo kikuu cha Nanenane linakula sehemu kubwa ya mchana kwa barabara ya kilomita 450 hivi.

Treni ya haraka, Sh40,000, inaokoa kama nusu saa kwa sababu haisimami kila kituo. Ilipe kama una kikao au ndege ya kuwahi. Kama unashuka Kilosa au Gulwe, hakikisha kwanza kwamba inasimama huko. Daraja la biashara, Sh70,000, ni starehe ya kiti. Linafika dakika ileile na wenzako wa mabehewa ya nyuma. Kwa pesa ya mfukoni mwako, hatulipendekezi.

Usipange boti ya Zanzibar au ndege kwa pengo la saa moja baada ya muda wa treni kufika. Treni hii ni ya umeme, na hitilafu moja njiani inaweza kuisimamisha.

Kadi za Dar, kama utazihitaji

Ukifika, kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani kiko karibu na stesheni, na kivuko cha Magogoni–Kigamboni kinatumia N-Card, kadi ya malipo unayoiwekea salio. N-Card hiyohiyo ndiyo inayotumika kwa tiketi za mpira Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mtu wa Dodoma anayeshuka kila mwezi, au anayefuata mechi, ainunue na kuiwekea kiasi cha safari chache. Anayeenda mara moja kwa siku mbili na ana mwenyeji mwenye kadi, avushwe na mwenyeji na amrudishie nauli. Usiweke salio kubwa ndani ya kadi isiyosajiliwa kwa jina lako. Ikipotea njiani, anayeiokota ndiye atakayeitumia.