Nyota mbili kwa wakala aliyepeleka "Lishe Bora" kusajiliwa

Natoa nyota mbili kati ya tano, na hiyo ya pili ni kwa sababu jamaa angalau anapokea simu.

Kwa wasionijua nauza unga wa lishe, ulezi, mahindi, soya, karanga na mchele kidogo, nakaanga mwenyewe nasagisha mtaani nafunga kilo na nusu kilo. Jina la biashara nilishasajili zamani onlaini nikajua ndo yameisha, kumbe jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili tofauti japo vyote vinasajiliwa BRELA, ile ofisi ya serikali ya Tanzania inayosajili biashara. Jina la biashara linaonyesha nani anafanya biashara, ila halikupi nguvu ya kumzuia mwenzio asiliweke kwenye pakiti yake, hiyo ni kazi ya alama ya biashara. Basi nikaelekezwa kwa wakala mmoja mjini, ofisi ina kiyoyozi, maji ya baridi, viti vya kuzunguka, nikaona hapa nimefika.

Nikamwambia jina ni Lishe Bora. Akatabasamu kabisa, "Dada angu jina zuri hilo, linajieleza lenyewe." Akaandika daraja la 30, yaani kundi la bidhaa kama unga na nafaka, akapiga picha stika yangu, akachukua hela, akasema ntakupigia. Mi nikatoka pale moja kwa moja kwa mtu wa kuprinti nikaagiza stika elfu tatu za rangi, zile za kung'aa.

Sasa hilo "linajieleza lenyewe" ndo lilikuwa kaburi langu na yeye kama mtu wa kazi hiyo alitakiwa ashtuke palepale. Barua ya BRELA ilivyorudi kwamba jina limekataliwa kwa sababu maneno yanaelezea bidhaa na ubora wake, jamaa anajibu eti tukomae, ongeza hela tujibu barua. Tujibu nini? Hakuwa na hoja hata moja, nilimuuliza mara tatu.

Aliyenifungua macho ni mwanasheria mmoja mdada, tulipatana kwenye msiba tu, akanipa nusu saa ya simu bila kunichaji hata mia. Akaniuliza swali moja: "Mama Nasra, mtoto ukimtuma dukani akaombe lishe bora, muuzaji atampa ya nani?" Nikanyamaza. Jioni nikaenda kwa Mangi nikaangalia ile shelfu ya unga, pakiti tano za watu watano tofauti, nne zimeandikwa lishe bora mahali fulani, moja kubwa juu, nyingine pembeni kwa maandishi madogo "unga wa lishe bora kwa familia", na moja kaiandika mtu kwa maka peni kabisa. Yaani mi nilikuwa naomba serikali iniruhusu niwanyang'anye wenzangu wote wanne maneno ya kuelezea unga wao. Ukiliangalia hivyo hata mimi ningenikatalia.

Na ndo sheria yenyewe ilivyo, ile ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, alama inatakiwa itofautishe mali yako na ya mwingine. Neno linalotaja kitu chenyewe, au ubora wake, au wingi, au kinapotoka, linahitajiwa na kila muuzaji so halipewi mtu mmoja. Nikamuuliza vipi nikiandika "Lisheh Bora" na h mwishoni, akacheka sana, kusikika ni kulekule. Kwa kiingereza je? Kingereza kinaeleweka hapa, ni kulekule.

Halafu akasema angalia saruji. Simba, Twiga, Tembo, Nyati. Jamani miaka yote nanunua saruji sijawahi kujiuliza twiga na zege vinahusiana nini, na jibu ni kwamba havihusiani, ndo maana yanashika. Kiwi nayo ni ndege wa New Zealand, sisi tunapaka viatu. Hapo ndo nikaelewa hata lile sakata la Hakuna Matata, watu tulivyochachamaa 2018 kwamba Disney kasajili maneno yetu Marekani, na mimi nilikasirika na bado nina kinyongo, ila alisajili kwa ajili ya nguo, na hakuna matata haikwambii chochote kuhusu fulana kama ni ya pamba au ya mikono mirefu. Kampuni ya Uingereza ilipotaka neno kikoi (waliandika Kikoy) liwe lao, hilo ni jina la nguo yenyewe, Wakenya wakapinga na halikupita.

Kuna mlango mdogo, ukitumia jina la kuelezea miaka mingi mpaka watu wakilisikia wanakuwaza wewe tu, unaweza kupeleka ushahidi, mauzo, matangazo, risiti. Mimi nina miaka miwili na soko la mtaa, nikaacha. Au unaweka neno lako la ajabu halafu lishe bora inabaki pembeni kwa sharti kwamba hudai umiliki wa hayo maneno. Hii ndo tumefanya.

Jina jipya ni Chiriku. Mama mkwe kasema nani atakunywa uji wa ndege, ila Nasra analiimba nyumba nzima so nimeridhika. Mdada kapeleka daraja la 30 na la 5 pia, maana chakula cha watoto wachanga kinaingia la 5 na pakiti yangu ina picha ya mtoto, kitu ambacho yule wa kiyoyozi hakuniuliza kabisa. Wala hakuniambia kwamba usajili wa bara haufiki Zanzibar, kule wana ofisi yao na mimi nusu ya oda zangu zinapanda boti.

So kama mnaenda kwake, ofisi nzuri, lugha nzuri, fomu anajaza haraka, bei ya kawaida. Ila kabla hujatoa hela muulize hili jina lina nini cha kukataliwa, akikujibu ni zuri linajieleza, beba pochi yako. Hela ya ada sidai maana ilienda kweli na risiti alinipa, nadai ile ya kwake ya ushauri kwa sababu ushauri sikuupata. Nimemwandikia wiki mbili sasa, anapokea vizuri tu, "dada angu nalishughulikia."

Chiriku imeshatangazwa kwenye jarida la msajili, tunahesabu siku 60 kama kuna wa kupinga. Stika za kung'aa zimebaki elfu mbili na mia nane hivi, anayetaka kwa bei ya karatasi aje inbox, jina si la mtu.