Nimesafisha meno Arusha: bei niliyolipa na rangi isiyotoka

Nimesafisha meno kwenye kliniki moja ya binafsi hapa Arusha, nimelipa shilingi 70,000, na nimeridhika. Naandika kwa sababu nilihangaika sana kujua bei halisi. Kila nilikopiga simu nilitajiwa yake, na bei zilikuwa zinapishana mno.

Kuna sehemu waliniambia 40,000. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda daladala, nikafika. Mapokezi nikaambiwa kuna hela ya kadi, kuna ya kumwona daktari, halafu dada akamalizia: "Hiyo elfu arobaini ni ya taya moja, kaka." Ukijumlisha vyote, laki imeshapita. Laki si tatizo kama kazi ni nzuri. Kinachoniudhi ni kumficha mtu hesabu mpaka ameshafika mlangoni. Nikaaga, nikaondoka.

Hawa niliowalipa walinieleza kwenye simu, bila haraka: 70,000 ni meno yote, juu na chini, kumwona daktari humo humo, na kung'arisha baada ya kusafisha. Picha ya meno haimo, na hupigwi mpaka daktari aone sababu. Bima yangu haigusi kusafisha meno, kwa hiyo nilitoa mfukoni. Kwa hiyo wewe ukipiga simu, usiishie kwenye "ni shilingi ngapi". Uliza ni taya moja au yote mawili, kadi ni kiasi gani, na wakikuta ugaga, yaani ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, umeingia chini ya fizi bei inapanda mpaka wapi.

Kazi yenyewe sasa. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alinipa kioo kwanza nijionee. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kulikuwa na ukanda wa ugaga wa manjano iliyokolea, umeziba mianya yote. Alinieleza kwamba mate hutokea hapo hapo chini ya ulimi, na madini yaliyomo kwenye mate ndiyo yanayougandisha ule utando wa bakteria mpaka unakuwa mgumu kama jiwe. Ukishafika hapo mswaki hauufanyi kitu, hata upige kutwa mara tano.

Mashine ina ncha nyembamba inayotetema kwa kasi huku ikirusha maji. Msaidizi anashika bomba la kunyonya mate. Mlio wake unakera, na maji ya baridi yanachoma kidogo pale fizi zilipoachia jino, lakini si maumivu ya kung'oa jino. Damu ilitoka. Fizi zilizovimba kwa sababu ya ugaga hutoa damu zikiguswa, na zangu zilikuwa zimevimba. Vipande vilivyobaki kwenye pembe alivikwangua kwa kijichuma kilichopinda, taratibu, jino kwa jino. Hapo ndipo nilipoona thamani ya hela yangu, maana angeweza kuniachia na nisingejua.

Sasa kwa ndugu zangu wa Meru, hili ni letu. Mimi nimekulia Ngarenanyuki, na meno yangu yana ile rangi ya kahawia ya maji yenye madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuna chemchemi na visima vinavyopita hapo kwa mbali, sababu ya miamba ya volkano. Magadi tunayopikia nayo yanaongeza. Daktari aliniambia wazi kabla hajawasha mashine: "Baba, ugaga nitautoa wote, rangi hii haitoki." Imo ndani ya jino lenyewe tangu lilipokuwa linaundwa utotoni. Wanaotaka rangi ibadilike wana matibabu mengine, kama kupaka dawa ya kuyafanya meno meupe au kufunika jino, na bei yake ni nyingine kabisa. Namheshimu kwa kunieleza hivyo kabla ya kuchukua hela yangu.

Nyumbani waliniogopesha kwamba nikisafisha meno yatalegea. Siku za mwanzo ulimi wangu ulikuta mianya mipya, na chai ya moto ilinisisimua meno. Ile mianya ilikuwepo, ugaga ndio ulikuwa umeijaza. Msisimko ukapungua wenyewe, na sasa nikipiga mswaki sioni damu.

Kitu kimoja sikukipenda: miadi ilikuwa asubuhi, nikaingia karibu na adhuhuri, na hakuna aliyeniomba radhi. Hata hivyo nimempangia mama yangu hapo hapo. Kwake ugaga umeshuka chini ya fizi, kwa hiyo atachomwa ganzi na kazi itafanywa kwa awamu, taya la chini kwanza. Bei yake wameshanitajia yote, awamu kwa awamu, kabla hajakaa kwenye kiti.