Umeng'oa AC ya juu ya RV, yaani gari lenye nyumba ndani? Hivi ndivyo vya kununua kwa lile tundu, kuanzia bora hadi usiguse

Kabla hujanunua chochote, panda juu na futi upime. Karibu AC zote za paa la RV zinakaa kwenye tundu la inchi 14 kwa 14, kama sentimita 36 kila upande, na feni za paa za RV zimetengenezwa kwa kipimo hicho hicho, kwa hiyo watu wengi wanahangaika kuziba tundu ambalo wala halikuhitaji kuzibwa.

Cha pili ujue paa lako ni la nini, na hapa usikimbie, maana gundi inayoshika paa moja inaweza kugoma kabisa kwenye lingine. Angalia ukingo wa tundu pale palipokatwa. EPDM ni mpira, mara nyingi mweupe juu na mweusi chini, na ukiwa umezeeka ukiupitisha kidole unabaki na unga mweupe. TPO nayo ni utando wa plastiki, laini kiasi lakini kwa kawaida haitoi huo unga. Faiba (fiberglass) ni ngumu, ukiigonga inalia, na alumini utaijua tu ukiiona. Ukiwa hapo hapo bonyeza plaiwudi kuzunguka tundu lote kwa bisibisi, ikizama ujue mbao imeoza, na hapo hakuna bidhaa itakayokusaidia mpaka utoe hiyo iliyooza uweke mpya.

Haya sasa, mpangilio wangu.

Namba 1 ni feni ya paa. MaxxAir na Fan-Tastic Vent ndizo zinazojulikana sana. Inaingia tundu lile lile, hukati kitu, inatoa joto na mvuke wa kupikia, na ukitaka unachukua ile yenye kifuniko cha mvua ili iendelee kuzunguka hata kukinyesha. Angalia unene wa paa lako ili ile fremu ya ndani ifike. Na jamani, feni hizi kwa kawaida zinatumia volti 12 za betri, nyaya za AC ni za umeme mkubwa, volti 120 au 230 kutegemea gari, usiziunganishe hata kwa kujaribu! Zima breka (swichi ya usalama ya umeme), toa waya kwenye breka yake, ziba ncha zote mbili, ile ya juu ifungie kwenye boksi lenye kifuniko, halafu vuta waya mpya wa volti 12 wenye fyuzi yake.

Namba 2, kama kweli hutaki tundu, ni sahani ya alumini juu ya plaiwudi. Hii ndiyo kazi ya kudumu na vifaa vyake ni vya kawaida. Unafunga vipande vya mbao kwenye kuta za tundu kwa ndani, unakalisha plaiwudi ya unene sawa na ile ya paa ili juu pawe sawasawa, chini yake unajaza foma ya kuzuia joto, halafu alumini ya milimita 1.5 hadi 2 inayozidi tundu kwa sentimita 5 au zaidi kila upande, kona zake uzikate mviringo. Chini ya ukingo wa sahani inapita teipu ya butili, ile nene inayonata, juu skrubu za stenlesi kila sentimita 5 hivi, na mwisho unamwaga silanti (gundi ya kuziba maji) ya paa ile inayojisawazisha yenyewe, ifunike ukingo wote na kila kichwa cha skrubu. Kampuni ya Dicor wanayo ya EPDM, ila kama paa ni TPO soma lebo kwanza uone imetajwa. Usafi ufanye kwa spiriti ya alkoholi. Petroli na mafuta ya taa vikae mbali na EPDM kwa sababu vinaufanya mpira uvimbe.

Namba 3 ni faiba na epoksi. Kama paa lako ni la faiba hii ipande iwe namba 2, mbele ya alumini, kwa sababu kiraka kinakuwa kitu kimoja na paa. Kwenye mpira usijaribu, haishiki.

Namba 4 dirisha la paa la plastiki. Mwanga mzuri sana, lakini jua likiwa kali joto linaingia lote, na plastiki inachoka kwa jua mpaka inapasuka. Mimi ningelichukua kwa bafu tu.

Namba 5 teipu pana kama EternaBond. Ni bidhaa nzuri mno juu ya ukingo wa sahani au kwenye mpasuko, ila peke yake juu ya tundu haina cha kuishikilia, maji yatatuama na siku mtu akikanyaga imekwisha.

Ya mwisho, silikoni ya kawaida ya bafuni. Usinunue. Ikianza kubanduka hakuna silanti nyingine itakayoshika vizuri juu ya mabaki yake, utakwangua mpaka uchoke.

Silanti ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, mwagia maji ya bomba la bustani taratibu, mwenzako akiwa ndani na tochi, halafu ndio ufunge siling ya ndani.